Jinsi ya kutambua spishi za Ocimum: mrehani, kivumbasi na ndugu zao

Binti mmoja anayesomea famasia aliniletea mifuko ya majani makavu, yote imeandikwa "kivumbasi". Ndani mlikuwa na mimea ya aina zaidi ya moja. Alikuwa anataka kukamua mafuta na kuyapima, na kipimo cha mafuta yaliyochanganyika hakimsaidii mtu. Njia niliyomwonyesha ndiyo hii. Jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Ocimum, hapa chini kwa kifupi O., ina spishi 60 na ushee, nyingi zikiwa za Afrika. Hapa nazungumzia zile unazokutana nazo uani, kando ya njia na shambani.

Hatua ya 1: Chuma tawi lililokomaa

Liwe na maua juu na vikombe vya maua vilivyokauka chini. Majani matupu hayatoshi. Andika mahali, urefu wa mmea, na kama shina ni gumu la kichaka au laini la mwaka mmoja.

Vifaa ni lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, wembe na rula ya milimita. Programu za simu za kutambua mimea nazitumia kufika kwenye jenasi tu. Picha haioni ndani ya kikombe cha ua, na humo ndimo jibu lilimo.

Hatua ya 2: Hakikisha ni Ocimum

Shina la pembe nne na majani yanayokabiliana vitakuambia uko kwenye familia ya mnanaa, basi. Sasa tazama kaliksi, kile kikombe cha kijani kinachoshika ua. Kwenye Ocimum mdomo wa juu wa kaliksi ni mpana, wa mviringo, na kingo zake zinateremka ubavuni mwa kikombe. Stameni, vile vijiti vyenye chavua, ni nne, zimelalia mdomo wa chini wa ua.

Gugu la pwani linalochanganywa sana na kivumbasi ni Mesosphaerum suaveolens, lililotoka Amerika ya tropiki. Kaliksi yake ina meno matano yanayolingana, makali kama miiba. Ukiona mdomo wa chini wa ua umejikunja kama mtumbwi na kuzificha stameni, tafuta kwenye Coleus au Plectranthus.

Hatua ya 3: Weka harufu na majina ya nyumbani pembeni

Kivumbasi cha kijiji hiki si lazima kiwe kivumbasi cha kijiji cha pili. Harufu nayo inapotosha, maana spishi moja hutoa mafuta ya aina tofauti. Ocimum gratissimum moja inanukia karafuu kwa sababu ya eujeno (kemikali ya mafuta ya karafuu), nyingine inanuka timoli (kemikali nyingine ya mafuta ya mimea), na zote mbili ni gratissimum halali. Harufu iandike kwenye daftari, lakini usiitumie kuamua.

Hatua ya 4: Fungua kaliksi iliyozaa

Hapa ndipo watu wanapopoteza saa nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Chukua kaliksi kutoka sehemu ya chini ya shada, zilizokwisha kukauka na kuwa kahawia. Za juu bado changa, na midomo yake haijakaa sawa. Ukizitumia utapata jibu la uongo. Chukua kadhaa, maana moja inaweza kuwa imeliwa na mdudu. Kama tawi lilikandamizwa kwenye magazeti, kaliksi zimebanwa na zote zitaonekana zimefunga mdomo. Zitie kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo, zisubiri zilainike na kurudia umbo.

Sasa itazame mdomoni. Kama meno mawili ya kati ya mdomo wa chini yamepanda na kugandamana na mdomo wa juu, hata mbegu huzioni mpaka upanue kwa sindano, hiyo ni O. gratissimum: kichaka chenye majani mapana, kingo zake za meno. Ina nususpishi iitwayo iringense, iliyopewa jina la Iringa.

Kama mdomo uko wazi, pasua kaliksi kwa wembe kwa urefu na utazame kooni. Koo tupu lisilo na nywele, na vikonyo vyembamba virefu, ni tulsi, O. tenuiflorum. Ukikuta duara la nywele nyeupe zilizosongamana, umebaki na tatu:

- O. kilimandscharicum: kichaka kinachofika mita 2 hivi, majani ya kijivujivu yenye manyoya, mara nyingi harufu ya kafuri. Ndiyo inayolimwa na wakulima kandokando ya msitu wa Kakamega, Kenya, kwa ajili ya dawa ya kuchua.
- O. basilicum, yaani mrehani: ua la milimita 7 au zaidi.
- O. americanum: mmea mdogo, ua la milimita 4 hadi 6. Pamoja na jina lake, asili yake ni Afrika na Asia.

Vipimo vikikaa katikati ya hizi mbili za mwisho na mmea unanukia limau, fikiria O. × africanum, chotara wao. Pima maua mengi kabla ya kusema chotara. Ua la mwisho wa msimu husinyaa.

Hatua ya 5: Mbegu kwenye maji

Dondosha mbegu kwenye kijiko cha maji. Za mrehani huvimba na kujivika ute mzito, ndiyo tukmaria ya kwenye faluda. Za gratissimum hutoa ute kidogo mno au hazitoi kabisa. Ni kipimo rahisi cha kuthibitisha hatua ya 4.

Hatua ya 6: Maua makubwa ya mbugani

Stameni ndefu zilizochomoza mbali nje ya ua na mzizi mnene mgumu kama mti ni dalili za kundi lililoitwa Becium, lililoingizwa ndani ya Ocimum mwaka 1999. Humo mna O. centraliafricanum ya Katanga, kusini mwa Kongo, inayoota kwenye udongo wenye shaba na iliyowaongoza watafuta madini.

Hatua ya 7: Jina la kuandika

Vitabu vya zamani vitakupa O. suave, siku hizi ni gratissimum, O. canum ni americanum, O. sanctum ni tenuiflorum. Kagua kwenye tovuti ya mimea ya bustani ya Kew, London, kisha fuata ufunguo (maswali ya kutambulisha mmea hatua kwa hatua) wa kitabu cha Flora of Tropical East Africa, juzuu ya Lamiaceae, yaani familia ya mnanaa, ya 2009, ambao mimi nauamini kuliko mwingine wowote. Kwa kazi ya utafiti, kausha matawi mawili ya mmea uleule uliokamua mafuta: moja ubaki nalo, la pili lipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya chuo kikuu au ile ya Afrika Mashariki, Nairobi, na namba yake uiandike kwenye ripoti pamoja na jina.