Usipime maandishi ya Kiswahili kwa kanuni ya Kiingereza

Umeandika tangazo, fomu au maelekezo ya dawa, na programu ya kompyuta inakuambia maandishi ni magumu mno? Usiyafute bado. Programu nyingi za aina hiyo hutumia kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, inayohesabu maneno kwa kila sentensi na silabi kwa kila neno. Iliundwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja: "hawatakusaidia" lina silabi nane, na mtoto mdogo analielewa. Wastani ukiwa silabi tatu kwa neno, alama za kanuni hiyo hushuka chini ya sifuri, yaani "magumu mno", hata kama maandishi ni mepesi kabisa.

Kipimo ninachokiamini ni cha Wilson Taylor, cha mwaka 1953, kwa sababu kinamhusisha msomaji mwenyewe. Chukua kifungu cha maneno kama 250. Iache sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano na uweke mapengo yenye urefu sawa. Wape watu ambao hawajakiona wajaze. Hesabu neno lile lile la asili tu. Visawe viache, maana viwango vimewekwa hivyo. Kwa kawaida, wakijaza sawa zaidi ya asilimia 60 ya mapengo, maana yake wanasoma bila msaada. Chini ya 40, andika upya. Na yaangalie sana mapengo waliyokosea wote. Hapo ndipo penye sentensi ya kukatwa au neno la kubadilishwa.