Spindo inayowaka leo na kugoma kesho: namna ya kufuatilia hitilafu katika mashine ndogo ya CNC

Hitilafu ya kudumu haina ugumu mkubwa, kwa sababu inabaki pale pale mpaka uifikie na multimita yako. Inayochosha ni ile ya mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) ambayo asubuhi unaiamuru iwashe spindo, yaani mota inayoshika na kuzungusha kisu, nayo inakaa kimya. Unaizima, unaiwasha, inazunguka kana kwamba hapakuwa na jambo. Kisha siku ya tatu, ukiwa katikati ya ubao wa mninga ambao mwenyewe anausubiri, inagoma tena. Mhimili wa Z, unaopandisha na kushusha kisu, haujui kwamba kisu kimesimama, hivyo unakishindilia ndani ya mti, kisu kinavunjika na ubao unaharibika.

Karakana yangu iko Mikindani, hatua chache kutoka ghubani, na mashine ninayoieleza ni ya aina inayopatikana kwa watu wengi wanaofanya kazi hii kwa kiwango kidogo: kidhibiti chenye programu ya GRBL, inayosoma amri za faili na kuendesha mihimili, na spindo ya fezi tatu inayoendeshwa na inveta. Mafundi wengi wa huku wakisikia inveta hufikiria kifaa cha sola, kwa hiyo nieleze kwamba hapa ninakusudia kifaa kinachopokea umeme wa kawaida wa volti 230 na kuutoa ukiwa fezi tatu zenye masafa yanayobadilika, ambayo katika spindo nyingi za mizunguko 24,000 kwa dakika hufika hezi 400.

Kabla ya kufungua chochote, toa kisu kwenye spindo, chomoa plagi ukutani, na usubiri dakika 10. Ndani ya inveta kuna kapasita zinazotunza umeme wa mkondo mnyoofu wa takriban volti 325, na umeme huo haupotei papo hapo unapochomoa plagi. Hata baada ya kusubiri, pima kwanza kwenye terminali za mkondo mnyoofu kabla ya kugusa. Vipimo vingine nitakavyovitaja hufanywa umeme ukiwapo. Kama hujazoea kupima umeme mkubwa, muombe fundi umeme asimame nawe, kwani volti 325 zinaua.

Jambo la kwanza, na ndilo nililochelewa kujifunza, ni kwamba spindo inapogoma hupaswi kuzima mashine. Mkono wa kila mmoja wetu unakimbilia swichi, na kwa kufanya hivyo tunafuta ushahidi pekee tulio nao. Simamisha mihimili kwa kitufe cha kusitisha programu kwa muda, acha umeme uwepo, kisha nenda ukatazame kioo cha inveta, kwa sababu kioo hicho kitakuambia hitilafu iko upande gani. Ikiwa taa ya kuendesha haijawaka, amri ya kuwasha haijafika kwenye inveta. Ikiwa taa imewaka lakini masafa yanasomeka sifuri, amri imefika ila ishara ya kasi haikufika. Ikiwa masafa yamepanda kama kawaida na spindo bado imesimama, au inanguruma bila kuzunguka, tatizo liko kwenye kebo ya mota au kwenye mota yenyewe. Katika hali hii peke yake usingoje, bonyeza kitufe cha kusimamisha mara moja, maana mota inayonguruma inaungua. Na ikiwa kioo kinaonyesha alama ya hitilafu, iandike au ipige picha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuifuta.

Andika pia saa, hali ya hewa, na mahali mhimili wa Z ulipokuwa. Daftari la wiki mbili lilinifaa kuliko vipuri vyote nilivyoagiza. Mashine inayogoma asubuhi yenye umande na kupona mchana inakuelekeza kwenye unyevu na kutu. Inayogoma jioni, majirani wanapowasha majiko na mashine za kuchomelea, inakuelekeza kwenye volti. Inayogoma baada ya saa nzima ya kazi inakuelekeza kwenye joto. Na inayogoma Z ikiwa juu kabisa au chini kabisa inakuelekeza kwenye kebo inayojikunja. Mimi sikuwa na daftari mwanzoni. Niliamini kwamba inveta imekufa, nikaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, nikaifunga, na siku ya nne ikagoma vilevile kama ile ya kwanza.

Amri ya kuwasha isipofika

Hapa ndipo hitilafu nyingi za mara moja moja zinapojificha, na ndipo yangu ilipokuwa, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu.

Anza na programu, kwa sababu haihitaji bisibisi. GRBL hukumbuka thamani ya kasi, ile inayoandikwa baada ya herufi S, hadi itakapopewa nyingine. Lakini ikianzishwa upya thamani hiyo inarudi sifuri. Faili lenye M3 (amri ya kuwasha spindo) peke yake, bila S, litawasha spindo vizuri ikiwa kazi iliyotangulia iliweka kasi, na litakaa kimya ikiwa umeme ulikatika na mashine ikaanza upya. Kwa mtu anayetazama kwa nje, hiyo ni hitilafu ya umeme isiyotabirika, ilhali ni mstari mmoja uliopungua. Andika M3 S12000, au kasi unayoitaka, mwanzoni mwa kila faili. Tazama pia kwamba $32, mpangilio wa leza katika GRBL, ni 0. Ikiwa 1, kidhibiti kinadhani kimefungwa leza, na kitazima spindo kila mihimili inapokwenda kwa mwendo wa haraka wa G0.

Programu ikiwa sawa, fuata waya. Katika inveta nyingi, amri ya kuwasha ni kuunganisha terminali moja ya kuendesha mbele na terminali ya pamoja, na inveta yenyewe ndiyo inayotoa volti ndogo inayosubiri kuunganishwa. Weka multimita kati ya terminali hizo mbili. Kabla ya amri utasoma volti kadhaa, mara nyingi karibu 24 kutegemea aina ya kifaa. Amri inapotolewa usomaji unapaswa kushuka hadi karibu sifuri. Ukisikia rilei ya bodi, yaani swichi inayofungwa kwa umeme, ikilia na volti haishuki, kidhibiti kimefanya kazi yake na hitilafu iko kwenye midomo ya rilei (vyuma vinavyogusana ndani yake) au kwenye waya. Ili kuisafisha inveta na tuhuma, gusisha terminali hizo mbili kwa kipande cha waya wakati hitilafu ipo: spindo ikizunguka, usipoteze fedha kununua inveta. Jaribio hili la senti sifuri lingeniokoa gharama yote ile.

Rilei zinastahili neno la ziada. Rilei ndogo iliyoandikwa ampia 10 huonekana imara mno kwa ishara ya milliampia chache, lakini udhaifu wake uko hapo hapo. Midomo ya rilei ya mkondo mkubwa hujisafisha kwa cheche ndogo inayotokea kila inapofunga; mkondo wa milliampia chache hauwezi kutoboa utando unaojengeka juu ya chuma, hasa mahali penye hewa ya chumvi kama pwani yetu kuanzia Mikindani hadi Lindi. Matokeo yake ni rilei inayolia kila mara na kuunganisha mara tisa kati ya kumi. Tumia rilei ya ishara ndogo yenye midomo iliyopakwa dhahabu, au kiunganishi cha mwanga kisicho na midomo kabisa. Kitufe cha dharura na swichi ya mlango, kama ziko kwenye mzunguko huo huo, huugua ugonjwa huo huo.

Baadaye nikafika kwenye kosa langu mwenyewe. Nilipofunga mashine nilizipaka risasi ya kulehemu ncha za waya zenye nyuzi nyingi, nikidhani ninafanya kazi safi, kisha nikazikaza kwa skrubu. Risasi ni laini, na chini ya mgandamizo wa skrubu hujisogeza polepole kwa miezi, hadi waya uliokuwa umekazwa sana unabaki umelala tu. Terminali ya pamoja ilikuwa katika hali hiyo: mtetemo wa Z ulitosha kuiachanisha, na mtetemo mwingine kuirudisha. Nilipouvuta waya kwa vidole viwili, ulitoka. Kata ncha zilizopakwa risasi, vua ganda upya, na uvishe vikofia vya shaba vinavyobanwa kwa koleo lake. Usipovipata, nyuzi tupu zilizosokotwa vizuri ni bora kuliko zilizopakwa risasi.

Ishara ya kasi

Taa ikiwaka na masafa yakabaki sifuri, pima volti ya ishara ya kasi, ambayo kwa kawaida ni kati ya 0 na 10. Ikiwa $30, mpangilio wa kasi ya juu kabisa, imewekwa 24000 na umeamuru S12000, unatarajia karibu volti 5. Isipokuwapo, rudi nyuma hadi kwenye kijibodi kinachogeuza ishara ya kidhibiti kuwa volti hizo. Mara nyingi ni umeme wake unaoyumba, hasa ikiwa unatoka kwenye waya wa USB wa kompyuta. Kumbuka pia kwamba inveta ina kipimo cha masafa ya chini kabisa, na baadhi hazianzi kabisa zikipewa kasi iliyo chini yake.

Umeme unaoingia

Alama ya volti ndogo kwenye kioo ni rahisi kuielewa na ngumu kuishuhudia, kwa maana ukipima spindo ikiwa imesimama utasoma volti 225 na kuridhika. Pima wakati inawaka. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, wenye urefu wa mita 30, una ukinzani wa takriban omu 1 ukihesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo ampia 10 zinapoteza volti 10 njiani. Na kwa kuwa inveta huvuta mkondo kwa mipigo mifupi mikali, upotevu kwenye kilele ni mkubwa zaidi. Ukiongeza hapo jirani anayechomelea mageti, inveta inajizima kujilinda, na ina haki. Ipe waya wake mnene kutoka kwenye sakiti breka, wala si eksitensheni inayolisha feni na chaja za simu. Ongeza pia muda wa kupandisha kasi. Spindo ikiambiwa ifike hezi 400 kwa sekunde 2 huvuta mkondo mwingi kuliko ikipewa sekunde 8. Kisha uweke G4 P10 baada ya M3, ambayo katika GRBL ni kusubiri sekunde 10, ili kisu kisiingie kwenye mti kabla kasi haijafika.

Umeme ukikatika na kurudi, inveta nyingine hukataa kuwaka zikikuta amri ya kuwasha tayari imo, na nyingine huwaka ghafla bila kuulizwa. Soma kitabu cha inveta yako na uchague ile ya kukataa.

Kebo na mota

Inveta ikiwa imezimwa na kapasita zimeisha umeme, tenganisha kebo ya mota na upime ukinzani kati ya kila jozi ya nyaya tatu. Namba zote tatu zinapaswa kulingana. Shikilia multimita huku mwenzako akipandisha na kushusha Z kwa mkono na kutikisa plagi iliyo juu ya spindo. Namba ikiruka, nyuzi zimekatika ndani ya ganda. Fezi moja ikikosekana mota hunguruma bila kuanza. Wenye mota ndogo za brashi watafute kwingine: ikiwa mota inakubali kuwaka baada ya kuizungusha kidogo kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa, huenda brashi za kaboni zimeisha.

Ukishatengeneza, usiamini kuwaka mara moja. Andika faili fupi lenye M3 S12000, G4 P15, M5 (amri ya kuzima spindo) na G4 P30, likirudiwa mara 40, kisu kikiwa kimetolewa, na uliendeshe alfajiri kungali na umande, saa nane mchana, na saa moja usiku. Katika mzunguko wa tatu, gonga kasha la inveta na bodi kwa mpini wa bisibisi wa plastiki huku spindo ikiwaka na kuzima. Waya ulioachia utajitokeza hapo, ukiwa umesimama karibu nao.