Kabla ya Kutoka Kupiga Picha za Usiku, Amua Giza Litakaa Wapi

Anayetaka picha ya usiku yenye uzito, ile inayomfanya mtazamaji asite kidogo kabla ya kupita, ana jambo la kuamua kabla hata ya kuchaji betri: ni sehemu gani ya picha itakayoachwa gizani. Kamera haitamwamulia. Kipima mwanga chake hudhani kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, hivyo kikielekezwa kwenye uchochoro wenye taa moja hujitahidi kuung'arisha mpaka ufanane na jioni ya mawingu. Simu ndizo zimezidi. Hali yao ya usiku hupiga fremu kadhaa mfululizo, huziunganisha, kisha huinua vivuli vyote, na mtu hubaki na picha safi ya mahali palipoondolewa usiku wake. Ukitumia simu, gusa ile taa ya uchochoro inavyoonekana kwenye kioo cha simu, kisha teremsha alama ya mwanga mpaka kuta zianze kupotea. Ukitumia kamera, zoea kupiga kwa hatua moja au mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) chini ya kile ambacho kipima kinapendekeza.

Uamuzi huo huwa mwepesi ukiwa umepafahamu mahali, kwa hiyo nenda kwanza mchana. Tazama taa ziko wapi na zinaangalia upande gani, ukuta upi utapokea mwanga, wapi maji hutuama mvua ikinyesha, na wapi utasimama bila kumzuia mpita njia wala kuingia kwenye njia ya magari. Uliza kama panaruhusiwa: madaraja, stesheni, bandari na majengo ya serikali mara nyingi huwa na masharti, na mlinzi uliyemsalimu mchana ukajieleza atakupokea vizuri zaidi usiku. Usiende peke yako. Mtu aliyeinamia kamera gizani haoni kinachokuja nyuma yake, hivyo kazi ya mwenzako ni kukaa macho, na mtu mwingine nyumbani ajue mko wapi na mtarudi lini.

Saa nayo ipangwe. Anga hupata ile buluu nzito jua likiwa kati ya nyuzi 4 na 8 chini ya upeo wa macho, na hapo mwanga wa anga na wa taa hukaribiana nguvu kiasi kwamba kamera inaweza kuubeba wote kwa pigo moja. Karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, uzi 1 kila dakika 4 hivi, kwa hiyo nafasi yenyewe ni kama robo saa tu. Mbali kaskazini au kusini hurefuka, na wakati wa kiangazi inaweza kwenda kwa saa nzima na zaidi. Fika kabla jua halijazama, ufunge tripodi ukiwa bado unaona skrubu. Anga likishakuwa jeusi tii, liache. Elekeza lenzi barabarani, dirishani, kwenye nyuso za watu. Na mvua isikurudishe nyumbani. Lami iliyolowa huonyesha kila taa mara mbili, na ukungu huupa mwanga umbo, ukauona unavyomwagika kutoka kwenye nguzo. Hakuna kifaa cha kununua kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko hali ya hewa.

Begi lisiwe zito. Betri ya akiba, kadi ya memori iliyo tupu, kitambaa cha kufutia matone, tochi ndogo. Filta ya kinga iliyo mbele ya lenzi ivue, kwa sababu taa kali hujirudia ndani yake zikaacha madoa ya kijani kwenye picha.

Mipangilio mingine iwekwe nyumbani, penye mwanga na utulivu. Chagua kupiga kwa RAW, faili ghafi lisilosindikwa na kamera. Kwenye tripodi, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 100 hadi 400 inatosha. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera, na zima kitulizi cha mtikisiko kama maelekezo ya lenzi yako yanataka hivyo. Ukishika kwa mkono, fungua tundu la lenzi kadiri linavyoruhusu na upandishe ISO mpaka 1600 au 6400 bila woga. Chenga, yaani vidoa vidogo vinavyoletwa na ISO kubwa, zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iweke kwa mkono, ukikuza taa ya mbali kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Skrini yenyewe ipunguze mwanga, maana jicho lililozoea giza huiona picha kuwa angavu kuliko ilivyo. Amini histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha.

Fikiria pia muda wa kuacha shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, wazi, kwa sababu ndio unaoamua nani ataonekana. Kwa sekunde 15 anayetembea hutoweka na gari hubaki mistari ya taa. Kwa 1/60 ya sekunde mtu huyo bado yupo. Mpiga picha Brassaï, aliyezunguka Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipima muda huo kwa sigara: aina moja kwa mwanga wa kiasi, nyingine inayochelewa kuisha palipozidi giza.

Taa za zamani za sodiamu zina rangi ya njano karibu tupu, na chini yake nguo nyekundu au ya kijani haiwezi kurudishiwa rangi yake kwa kuhariri. Hapo panga mapema kupiga kwa nia ya nyeusi na nyeupe. Taa za LED za bei nafuu humemeteka bila jicho kuona. Penye umeme wa hezi 50, shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huepusha mistari ambayo kumemeteka huko huacha kwenye picha.

Kuhariri nako kunahitaji maandalizi. Usifanye usiku uleule ukiwa na hamu. Subiri kesho, ukae kwenye chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika, skrini ikiwa kwenye ung'avu wa kati. Anza na joto la rangi, yaani picha ielekee buluu au njano kiasi gani. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mcheki Purkyně alieleza jinsi nyekundu inavyofifia mapema kuliko buluu mwanga unapopungua, na ndiyo sababu vivuli vyenye buluu kidogo huhisiwa kuwa vya usiku. Wekea buluu vivuli, ziache taa na ujoto wake, lakini kwa kiasi. Picha iliyogeuzwa yote kuwa buluu na chungwa huchosha haraka. Kisha shusha mwanga wa picha nzima, na uinue sehemu moja tu, ile uliyoichagua mchana. Usifute chenga zote, ngozi na kuta zitaonekana kama plastiki.

Kabla ya kuituma, hifadhi nakala ya JPEG yenye rangi za sRGB, mpangilio wa rangi ambao skrini nyingi huutumia, uitazame kwenye simu ya kawaida, ndani ya nyumba na nje penye jua. Kama nje hata ile sehemu moja haisomeki, ipandishe hiyo peke yake.