Jinsi ya kulisha na kutazama ndege wa porini nyuma ya nyumba wakati wa winta

Juzi shemeji yangu kanipigia, hata salamu hakuna: "Shem, hao ndege wako wanakuja kujiua kwangu!" Alikuwa ametundika kilishio, wawili washajigonga dirishani. Nikamwelekeza kwa simu karibu lisaa lizima, sasa naandika hapa nisirudie.

Hatua ya 1: Chakula
Alizeti nyeusi, zile punje ndogo zenye mafuta mengi na ganda jembamba, basi. Achana na mifuko ya mchanganyiko wa bei rahisi, wanajaza mtama mwekundu ambao ndege wengi wanautupa chini halafu panya wanashukuru. Ukipata shahamu ya ng'ombe tundika pembeni, vigogota wanaipenda sana baridi ikikaza.

Hatua ya 2: Kilishio
Mimi ni mtu wa bomba lenye vitundu, sibishani. Sinia la wazi linajaa theluji, mbegu zinalowa, na ndege wanakunya humohumo wanamokula.

Hatua ya 3: Pa kuweka (soma hii yote tafadhali)
Hapa ndo nilipoteza winta yangu ya kwanza. Niliweka kilishio kama mita 4 kutoka dirishani, nikajiona fundi maana naona vizuri kutoka kwenye kochi, kumbe umbali huo ndo mbaya kuliko wote. Ndege akishtuka, labda mwewe kapita, anaruka kwa nguvu zote popote pale, na kwenye kioo yeye anaona miti na anga, hajui kama ni kivuli tu, na mita 4 zinamtosha kabisa kushika kasi. Kwa hiyo ama uweke karibu sana, chini ya mita 1, ili hata akigonga awe hajapata spidi, ama mbali kabisa, zaidi ya mita 9. Katikati hapana.

Nikajaribu stika moja ya mwewe. Haisaidii, ndege anaikwepa anagonga pembeni yake. Nikabandika nyingi, ila kwa ndani, nazo kazi bure maana kivuli cha miti kinabaki upande wa nje wa kioo. Kilichofanya kazi ni vidoti vya kubandika NJE, kioo kizima, kila kidoti sentimita 5 kutoka kwa mwenzake. Mke wangu alisema dirisha limepata tetekuwanga, lakini tangu siku hiyo sijaokota maiti. Na hata ukiweka chini ya mita 1 bado bandika, maana si wote wanaruka kutokea kwenye kilishio.

Halafu kuna paka. Kichaka kiwepo, ndege wapate pa kukimbilia, ila kiwe kama mita 3 hivi, kikiwa karibu zaidi paka anajificha humo anasubiri bufee.

Hatua ya 4: Kindi
Kilishio kiwe juu ya nguzo ya chuma yenye koni ya bati katikati, kindi asiweze kupanda kuiba mbegu. Usipake grisi, inaganda kwenye manyoya na mabawa.

Hatua ya 5: Usafi
Kila wiki 2 mwaga mabaki, sugua, loweka kwenye klorini sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza, kausha KABISA kabla hujajaza, mbegu zikikaa kwenye unyevu zinaota ukungu. Ukiona ndege kajivimbisha manyoya, macho yamevimba, hata ukisogea haruki, shusha kila kitu wiki 2 hivi wasiambukizane. Usiwaonee huruma, chakula kingine wanajua kukitafuta.

Hatua ya 6: Kutazama
Wanaweza kuchukua wiki kadhaa kukugundua, tulia. Asubuhi mapema ndo patamu, wamechoma mafuta ya mwilini usiku kucha wanakuja na njaa.

Kwenye kuhesabu watu wanajidanganya sana. Usijumlishe kila anayetua, chickadee (kandege kadogo ka Amerika Kaskazini) kwa mfano anachukua punje moja anaondoka, anaenda kuila au kuificha, anarudi, utamhesabu mara 40 ni yuleyule. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa mpigo mmoja kwa kila aina. Big Garden Birdwatch ya Uingereza, lile zoezi la watu kuhesabu ndege wa bustanini kila Januari tangu 1979, wanahesabu hivyohivyo kwa lisaa limoja tu. Shemeji alinitumia "chickadee 63". Nimemwambia aanze upya, nadhani ni wanne.