Core i3-12100 au Ryzen 5 5600G: jinsi ya kuzilinganisha kabla hujatoa hela

Mdogo wangu alinipigia akiwa dukani Moshi mjini, ananiuliza kaka nichukue prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya i3 au ya Ryzen, huyu muuzaji anasema Ryzen ina kori sita na i3 ina nne kwa hiyo Ryzen ndo bora na mjadala umeisha. Nikamwambia toka nje kwanza tuongee. Maana kabla ya kuhesabu kori, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa, inabidi ujue kompyuta unayotumia sasa hivi inakukalisha wapi ukisubiri. Yeye ana steshenari, mchana anachapa na kuprinti, usiku anaediti video za harusi na send-off, na kazi hizo mbili hazitaki kitu kimoja. Basi naandika hapa tulivyofanya, na we ukiwa na prosesa zozote mbili za bei ya chini fuata njia hiyohiyo.

Soma jina lote mpaka herufi ya mwisho. Core i3-12100 ni ya Intel kizazi cha 12, imetoka Januari 2022, kori 4 thredi 8 (thredi ni foleni za kazi ambazo kori zinahudumia kwa pamoja), kasi inapanda mpaka 4.3 GHz, kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) MB 12. Ryzen 5 5600G ni ya AMD ya 2021, kori 6 thredi 12, mpaka 4.4 GHz, kache MB 16. Hizi mbili zote zina grafiki ndani yake, yaani unachomeka waya wa monita kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na picha inakuja bila kununua kadi. Sasa ipo i3-12100F, sura ileile, bei iko chini kidogo, ila hiyo F maana yake grafiki hamna. Mimi yamenikuta, niliagiza 12100 nikaletewa F kwenye basi kutoka Dar, nikafunga kila kitu usiku hapa Sakina, Arusha, feni inazunguka, taa zinawaka, monita giza tupu, na nilipompigia muuzaji akanambia ni kitu kilekile. Sio kitu kilekile jamani! Kwa AMD ya kizazi hicho tafuta herufi G, maana Ryzen 5 5500 nayo ina kori 6 na thredi 12 lakini grafiki haina.

Halafu achana na kulinganisha GHz za Intel na za AMD. Kila kampuni ina muundo wake, na kazi inayofanyika kwenye mzunguko mmoja haifanani, ndo maana i3 yenye 4.3 inaipita Ryzen yenye 4.4 kwenye kazi inayotegemea kori moja. Angalia testi ileile kwa zote mbili. Cinebench R23 ni programu ya bure ya kupima prosesa na inakupa skoa mbili, ya kori moja na ya kori zote. Kwenye kori moja i3 inaongoza kwa kama asilimia 10, kwenye kori zote Ryzen inaongoza kwa karibu theluthi. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya, alisema nusu.

Nusu ipi inakuhusu we? Fungua Task Manager, nenda kwenye CPU, bonyeza kulia kwenye grafu uchague ioneshe kila thredi peke yake, kisha fanya kazi yako ya kila siku ile inayokuchelewesha. Ukiona kamoja au tuwili tumepanda juu na zingine zimelala, kori za ziada hazitakusaidia kitu, unataka kori yenye kasi. Word, Excel, kufungua saiti, kazi nyingi za Photoshop ziko hivi. Ukiona zote zimejaa, kama kurenda (kutoa video iliyokamilika) au kubana mafaili makubwa, hapo kori sita utaziona. Na ukikuta prosesa imetulia lakini kompyuta bado inajikokota, angalia diski, maana mashine nyingi za mtumba mjini hapa bado zina diski ya kuzunguka, na ukiweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) unaweza ukagundua prosesa hukuhitaji kabisa.

Grafiki ndo sehemu yenye mambo mengi kwenye hizi mbili. Kwa gemu Ryzen inashinda mbali sana, Vega 7 iliyo ndani yake inacheza GTA V vizuri tu ukishusha setingi, wakati UHD 730 ya i3 itakuchosha. Lakini Vega haina memori yake, inaazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo weka RAM mbili za GB 8 na sio moja ya GB 16, zikae kwenye chaneli mbili, ukiweka moja njia ya data inapungua nusu na gemu linaanza kukatakata. Watu wengi wanailaumu Ryzen kumbe kosa ni hiyo RAM moja.

Kwenye video mambo yanageuka. Intel wana kitu kinaitwa Quick Sync, sehemu ndani ya grafiki ambayo kazi yake ni kufungua na kubana video. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi HEVC ya 4:2:2 biti 10 (aina ya video iliyobanwa sana huku ikibeba rangi nyingi), na UHD 730 inaifungua hiyo moja kwa moja, Vega haiwezi, kwa hiyo mzigo wote unaangukia kori na ukiwa kwenye Premiere Pro (programu ya kuediti) unaburuta video inaganda. Nilimuuliza mdogo wangu mpiga video wake anarekodi nini, akacheki mafaili, ni hiyo hiyo. Kwake i3 ya kori nne inaediti laini zaidi kuliko Ryzen ya kori sita, na hilo huwezi kulijua kwa kusoma boksi. Kama kamera yake ingekuwa ya zamani inayotoa video za aina ya H.264 ya kawaida ningemwambia achukue Ryzen arende haraka alale.

Tukaja kwenye bei. Usilinganishe bei ya prosesa peke yake, chukua seti nzima, prosesa na mazabodi na RAM na feni. Tuseme kwa mfano seti ya kwanza ni laki sita na ya pili ni laki saba na nusu, gawanya kila bei kwa skoa ya kazi yako, inayotoa hela kidogo kwa pointi moja ndo yenye thamani. 5600G inakaa soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, mazabodi za mtumba zipo nyingi, B450 au A520, ila za zamani lazima BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) iwe imesasishwa ndo itambue prosesa hii, mwambie muuzaji aiwashe uone. i3 inakaa LGA1700, mazabodi ya H610 inatosha kabisa, ila zipo za RAM aina ya DDR4 na za DDR5 na RAM hizo haziingiliani, usije ukanunua ya DDR5 wakati una RAM za DDR4 kabatini. Umeme usikupe presha, Ryzen imeandikwa wati 65, i3 ni 60 na ikibanwa inafika 89, hata tofauti ingekuwa wati 20 saa nane kila siku kwa siku 26, ni kama yuniti nne za LUKU kwa mwezi.

Mdogo wangu akachukua i3-12100 yenye grafiki, mazabodi ya DDR4, RAM mbili za nane nane. Mimi ningekuwa nanunua ya watoto wacheze gemu ningeenda na 5600G bila kufikiria.

Kama unanunua mtumba, usilipe kabla haijawashwa. Task Manager itakuonesha jina kamili la prosesa, soma tena ile herufi. Kisha endesha Cinebench R23 ile ya dakika 10 huku unaangalia joto, vumbi la Arusha kipindi cha kiangazi linajaa kwenye feni na mashine inazidiwa. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, za LGA1700 ziko kwenye soketi ya mazabodi, zimulike kwa tochi ya simu uone kama kuna iliyopinda. Na ukiwa unatoa feni ya AM4 usiivute juu ghafla, iache mashine ipate moto kwanza, uizime, halafu izungushe taratibu kulia kushoto mpaka ile krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya feni na prosesa iachie, maana ukiivuta inaweza kutoka na prosesa imeng'ang'ania chini yake na pini zikapinda.