Kagua planta yako kabla mvua haijashika

Huku Trans Nzoia na Uasin Gishu, Kenya, Machi ikifika na mawingu yakatanda, kila fundi ana foleni na vipuri havipatikani. Kazi hii ifanye Januari au Februari, vumbi likiwa bado linatimka. Nazungumzia planta, mashine ya kupandia mahindi, ya kuvutwa na trekta, ile ya sahani za mbegu: visahani vyenye matundu vinavyozunguka na kuangusha mbegu moja moja.

Mahindi si kama ngano. Ngano huchipua machipukizi pembeni ikafidia mche uliokosekana, lakini kwa mahindi penye pengo hubaki pengo. Nao mche uliochelewa kuota kwa siku kadhaa hufunikwa na kivuli cha wenzake, ukala mbolea kama gugu, kisha ukakupa kihindi chenye punje za kuhesabika. Mara nyingi lawama humwendea muuza mbegu, na planta iko pale imeegeshwa chini ya mti, hakuna aliyeifungua.

Hatua ya 1: Sahani za mbegu

Vaa glavu, maana mbegu zina dawa. Toa sahani zote uzitazame kwenye mwanga. Vumbi la dawa huganda ndani ya matundu hadi mbegu ikose pa kukaa. Tundu lililolika nalo hupitisha mbegu mbili kwa pamoja. Osha, kausha, kisha chukua mbegu za mfuko utakaopanda msimu huu uzipange kwenye matundu kwa mkono. Moja ikae bila kubanwa, ya pili ikose nafasi. Mbegu bapa na za duara hazitumii sahani moja. Ukirudishia, tia unga wa grafaiti. Oili usiiguse, itanasa vumbi.

Hatua ya 2: Disiki za kufungua mfereji

Hapa ndipo wengi hupuuza. Disiki mbili hukutana kwa mbele zikachonga mfereji wenye umbo la V. Zikilika huachana, na katikati ya mfereji hubaki tuta dogo la udongo. Mbegu moja huanguka juu ya tuta, nyingine pembeni yake chini, kwa hiyo haziwezi kuota siku moja.

Chukua kadi mbili ngumu. Ingiza moja kwa mbele katikati ya disiki, nyingine kwa nyuma, uzisukume hadi zigome. Nafasi kati ya kadi hizo ndiyo sehemu disiki zinapogusana. Iwe kama sentimita 4 hadi 5. Ikiwa ndogo, punguza washa (vile vipete vya chuma vinavyotenganisha disiki) ili disiki zisogeleane. Disiki za inchi 15 zikishafika inchi 14.5, acha kubahatisha, nunua mpya.

Zitikise pia kwa mkono. Zikicheza, beringi imekwisha.

Hatua ya 3: Cheni, tairi na bolti

Kunja cheni pingili kwa pingili. Iliyokakamaa huruka na kushtua sahani, mbegu zikaanguka kwa mafungu. Ichovye kwenye dizeli, na isipolainika ibadilishe. Upepo wa tairi za planta uwe sawa pande zote, maana tairi ndiyo inayozungusha sahani: ikilegea huzunguka mara nyingi zaidi na kumwaga mbegu kupita kiasi. Kaza bolti, tia grisi, songa mbele.

Hatua ya 4: Pima kwa mita 5.4

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, ekari moja hubeba miche kama 21,500. Mita 5.4 za mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya ekari hiyo. Basi endesha planta kwa mwendo uleule wa kazi, fukua mita 5.4 uhesabu: unataka mbegu 21 au 22. Ukikuta 19, unapoteza angalau miche 2,000 kwa ekari. Kila mche ukitoa gramu 100 za punje, hizo ni kilo 200, zaidi ya magunia mawili ya kilo 90, hata kama miche iliyo kando ya pengo itafidia kidogo.

Mbolea nayo ipime hivyohivyo. Ukitaka kilo 50 za DAP kwa ekari, kila bomba litoe gramu 50 katika mita 5.4. Kinga kwa kopo, pima kwa mizani. Fanya kwa kila mstari, kwa sababu mmoja unaweza kuwa umeziba huku mingine ikienda vizuri.

Ukiwa hapohapo, pima kina: karibu sentimita 5, na kisibadilike ovyo. Mwenye kukodisha hulipwa kwa ekari, kwa hiyo dereva atataka kukimbia. Mwambie asizidi kilomita 7 kwa saa, ukae pale uone.

Hatua ya 5: Baada ya kuota

Mahindi yakianza kutokeza, chomeka vijiti vya rangi moja kwa miche ya siku ya kwanza na rangi nyingine kwa iliyofuata. Andika namba ya mstari wenye mapengo. Namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha sehemu ya planta ya kurudi kukagua. Masanduku ya mbolea, lakini, yasingoje kuota: yaoshe siku ileile unapomaliza kupanda, kabla planta haijaegeshwa. DAP hunyonya unyevu, na ikilala humo hadi mwaka ujao utakuta chuma kimetoboka.