Namna ya kukabidhi taarifa za mzazi wakati wa rufaa

Mwongozo huu ni wa wakunga wa Unguja na Pemba wanaompeleka mzazi hospitali kubwa. Shauri la uzembe linapofunguliwa, maswali ya mwanzo huwa nani alijua, alijua saa ngapi na alifanya nini; basi majibu yake yawemo kwenye faili tangu siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Piga simu ukiwa na vipimo vipya. Pima tena shinikizo la damu na mapigo ya moyo ya mtoto, kisha eleza kwa mpangilio: hali ya sasa, historia, tathmini yako na ombi lako. Kwa mfano: "Dokta, nina mzazi wa mimba ya kwanza, wiki 38, shinikizo 170 kwa 115, kichwa kinamuuma na macho yanaona kiza. Naona ni dalili za kifafa cha mimba. Saa 14:20 nimempa magnesiamu salfeti ya kuanzia, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli. Naomba mumpokee sasa, na uniambie dawa ipi ya kushusha shinikizo nimpe kabla hatujaondoka."

Linalosahaulika zaidi ni ombi. Mkunga, kwa kumstahi mkubwa wake, husema tu kwamba hali ya mama si nzuri, naye daktari hujibu "endeleeni kumwangalia", kila mmoja akidhani mwenzake ameshaamua. Kuomba waziwazi si utovu wa adabu.

Hatua ya 2: Rudia agizo kwa sauti. Taja dawa, kipimo na njia ya kuitoa, na usikate simu kabla daktari hajathibitisha.

Hatua ya 3: Andika wakati kwa mfumo wa saa 24. "Saa nane" ya mdomoni inaweza kuwa 14:00 au 02:00, na mwenye haraka huweza kuandika 08:00. Kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ambamo mstari wa hatua uko saa 4 tu kulia kwa mstari wa tahadhari, kosa la saa 6 hulifanya zoezi zima lisiwe na maana.

Hatua ya 4: Zungumza na mzazi mwenyewe. Akiwa mtu mzima mwenye fahamu, ridhaa ni yake. Mume na mama mkwe waelezwe kwa idhini yake. Rufaa isicheleweshwe kwa sababu mume yuko dago, kambi ya wavuvi, na simu yake haipatikani. Andika ulichomweleza, waliokuwepo, na jibu lake kwa maneno yake, hasa akikataa.

Hatua ya 5: Kabidhi uso kwa uso. Mkunga anayemsindikiza aende na nakala ya patografu na kadi ya kliniki, na aandike jina la aliyempokea mzazi pamoja na saa. Ukikosea kuandika, pitisha mstari mmoja ili maandishi ya awali yasomeke, kisha weka tarehe, saa na saini. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike chini ya maelezo ya mwisho ukibainisha kuwa limeongezwa baadaye, wala usilibane katikati ya mistari ya zamani.